Kidole Kimoja Majini

...na maji yenyewe ya bahari jamani, haya si maji, haya ni visu, kidole kimoja tu cha mguu Solbjørg kakitia na baridi imempanda mpaka kwenye meno, na huyo Oddvar yumo mpaka shingoni, anachekelea kama mtoto kapewa aiskrimu, "Shuka basi bibie, nilikwambia jibu nalipokelea humu humu," ndiyo, alisema, sasa hivi tu, ndani ya chumba cha mvuke, mbele ya kwaya nzima, jasho linamtiririka kitambini, anamwambia mjane wa watu hamia kwangu, kama anaomba sukari... loo, na Gunnlaug wa sauti ya kwanza kabandika pua kwenye kioo cha dirisha, huyo kabla kahawa haijachemka mji mzima wa Tromsø utajua, anapaza, "Shoga, unaoga au unaolewa?", na jua hili la kiangazi halizami, mtu hana hata pa kuficha haya zake... na kosa ni la Oddvar, walipishana mlimani akamsalimia, sawa, mlimani kila mtu anamsalimia kila mtu, hata mwizi utamsalimia, lakini kesho yake akamsalimia dukani! Dukani, mbele ya maziwa, watu wakageuka, mji huu nani anamsalimia nani dukani, na Solbjørg badala ya kukimbia kabaki kashika jibini, uso umeiva, akacheka peke yake mpaka nyumbani, ha! Na mayai ya shakwe aliyomletea mlangoni mwezi wa tano, kayachemsha mwenyewe, na bia ya kuyateremshia, kama desturi ya huku... na anapoimba besi nyuma yake kanisani pumzi inamgusa shingo, Jumamosi kuna tamasha, ataimbaje sasa... lakini mumewe Arvid, Arvid alimzika Desemba, giza mchana kutwa, ardhi ngumu kama chuma, akaapa pale pale kaburini, mara moja inatosha, simziki mwanamume mwingine mimi, na huyu Oddvar ana miaka sabini na kitu, kifuani kawekewa kimashine cha kuusukuma moyo, sasa mtu ajipeleke mwenyewe kwenye msiba wa pili, kwa raha gani... "Solbjørg, naganda!", na kweli, mbona midomo imekuwa ya bluu, mbona hachekelei tena, "Toka humo!", kasema nani, kasema yeye, kwa sauti ya kupasua vioo, "Toka, mzee mpumbavu, na moyo wenyewe huo wa mashine, kofia yako iko wapi, nani kakuruhusu kukaa majini muda wote huo!", "Sijajibiwa," "Nyamaza, shika ngazi, soksi za sufu umebeba?", na mwanakwaya mwenzako tu hagombezwi hivi kwa soksi... kumbe Oddvar akifa leo atamlilia vilevile, ahamie asihamie, msiba anao tayari, keshauchukua wote, raha ndiyo hajaionja hata kidogo, sasa anaikataa ya nini... "Basi nijibu," kashika ngazi, anamtazama kutoka chini, na Solbjørg bado pale pale, kidole kimoja majini, anawaza, ile sofa ya kijani ya Oddvar kule sebuleni kwake, akihamia, hiyo lazima itoke.