Nyuma ya Kadi

Kadi mia nne za matokeo ya wanafunzi kwa siku. Weka kwenye skana, bonyeza, toa, tupa kwenye gunia. Mama Skana, kama walinzi wa getini walivyombatiza, alikuwa katika mwezi wa nane wa kazi hiyo, peke yake katika maktaba ya chuo kilichofungwa, na wenzake wa kuzungumza nao walikuwa wale wa kwenye picha za pasipoti. "Wewe ulikuwa mtundu," alimwambia mmoja. Siku nyingine aliwaaga kabisa.

Saa nne akaingia mwanamume mwenye vumbi la chaki kwenye mkono wa shati.

"Shikamoo, mama. Mfumo wenu unasema nilifeli Takwimu. Nimefundisha hesabu miaka kumi na minne, na Ijumaa wananiachisha kazi."

"Marahaba, mwalimu. Ngoja tuone."

Kwenye kompyuta kadi yake ilikuwepo, na sura yake ya ujana, na neno moja mbele ya Takwimu: amefeli.

"Nilirudia mtihani nikafaulu. Marudio walikuwa wanayaandika nyuma. Hebu igeuze."

Ageuze nini? Ile ilikuwa picha. Mama Skana alichukua kadi nyingine kutoka kwenye boksi, akaigeuza. Wino wa bluu na muhuri wa msajili: amerudia, amefaulu.

"Sasa yangu iko wapi, mama?"

"Gunia lake lilikwenda kiwandani mwezi uliopita. Wanazisaga, wanatengenezea trei za mayai."

Palepale Mama Skana akampigia simu bosi wake, akaweka sauti ya juu ili mwalimu asikie.

"Mkataba unasema kadi moja, picha moja," bosi alisema. "Mwambie alete kadi yenyewe, turekebishe."

"Kadi yenyewe tumeisaga sisi, bosi."

"Basi hana ushahidi. Na jana hukufikisha mia nne."

Mwalimu alikunja karatasi zake, akashukuru, eti akashukuru, akaondoka. Mama Skana aliona haya hata kumsindikiza mpaka mlangoni.

Alirudi kwenye kiti. Weka, bonyeza, geuza, bonyeza. Simu iliita mara tatu, akaiacha iite. Boksi lilipokwisha jioni, kati ya kadi mia mbili, kumi na saba zilikuwa na maandishi nyuma. Akachukua kalamu azidishe kwa miezi minane. Aliandika kumi na saba, akaiweka kalamu chini.