Mke wa Mzee Kalama

Karisa alipokuja Changamwe kuposa, alitania kama desturi inavyotaka.

"Babu, nimekuja kukunyang'anya mke. Huyu Mbeyu utanipa kwa amani, au tupigane?"

Watu wakacheka. Mbeyu alirithi jina la nyanya yake, marehemu mke wa Mzee Kalama, na tangu utotoni babu alimwita "mke wangu," kama wafanyavyo mababu wote wa Kigiriama. Lakini siku hiyo Mzee Kalama aliinuka na mkongojo, akamchapa Karisa begani. Hakuwa akitania.

Hapo ndipo Nguma, baba yake Mbeyu, alipotambua kwamba akili ya mzee imeondoka. Huo ulikuwa mwaka wa 1946. Mwaka uliofuata mzee hakujua tena njia ya chooni, wala hakukubali kula ila kwa mkono wa Mbeyu. Jael, mkewe Nguma, akijaribu kumlisha, mzee alifumba kinywa hata siku mbili. Harusi ikasimama.

Karisa alingoja kwao Kisauni. Mwishowe akaja, akasema kwa adabu, "Baba, mimi sina haraka. Ila wazee wangu wanauliza, ni mpaka lini?"

 Nguma alimkumbuka Mzee Matano wa Likoni, aliyefanya naye kazi bandarini. Yeye naye alisahau watu, na mwaka wa tatu akazikwa. Basi Nguma akaomba ruhusa kazini, akaenda kwa daktari wa Kihindi aliyekuwa na zahanati karibu na stesheni, akamsimulia ya Matano na ya baba yake.

"Huyo rafiki yako alipata kiharusi?" daktari aliuliza.

"Ndiyo, mara tatu. Kila mara akapotewa na jambo jingine."

"Hayo ni maradhi mengine. Mtu hushuka kama ashukaye ngazi, na mara nyingi hakai sana, pigo jingine humchukua. Ya baba yako ni ya polepole. Nimeona waliokaa miaka saba, minane, hata kumi tangu yalipoanza. Kwake yalianza lini?"

"Mwaka jana."

"Basi jipe moyo. Bado ana muda mrefu."

Nguma alirudi kwa miguu. Ameambiwa baba yake ataishi, na ilimpasa amshukuru Mungu. Alijaribu kuomba njiani, maneno hayakuja.

Jioni akamwita binti yake.

"Mbeyu!"

"Abee, baba."

Akamweleza yote. Mbeyu alikuwa akipepeta mchele; ungo ukatulia mikononi.

"Baba, hayakuanza mwaka jana. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Babu aliniambia, 'Mke wangu, Nguma ana homa, mpe ziwa.' Nikacheka, nikamjibu, 'Nimeshampa, bwana.' Akaridhika, akalala. Tangu hapo ikawa kila siku. Nilidhani ni utani. Sote tulidhani."

Nguma akahesabu kwa vidole. Miaka sita imepita. Ukitoa sita katika minane, hubaki miwili. Moyo ukamwia mwepesi, kisha akaona kilichoufanya mwepesi: amefurahi kwamba baba yake yu karibu kufa. Akangoja aibu imjie. Haikuja. Hakuna kilichokuja.

"Miwili nitangoja," Mbeyu akasema. "Karisa atakubali."

"La. Ukingoja, kila asubuhi utamtazama babu yako ukiuliza, mbona bado? Nami nitauliza pamoja nawe. Mungu atuepushe."

"Na atalishwa na nani?"

"Nitamlisha mimi."

Harusi ilifungwa kanisani mwezi wa Agosti. Kesho yake Nguma akaketi mbele ya baba yake na bakuli la uji.

"Mbeyu yuko wapi?"

"Ameolewa, baba. Na Karisa wa Kisauni."

Mzee akafikiri sana. "Ni mtu mwema?"

"Ni mwema."

Akafumba kinywa. Uji ukapoa, Jael akaupasha moto, ukapoa tena. Siku ya tatu mzee alifumbua kinywa, akameza vijiko viwili. Nguma akamfuta kidevu, akasema Baba Yetu kwa sauti ndogo, akachota kijiko cha tatu.