Kompyuta Iliyoanikwa Uchanjani

Hakuna aliyemtuma Esnath kuianika kompyuta ya mumewe juu ya moto. Mvua ya kijijini Ikuti ilipenya kwenye bati, ikalowesha meza ya Mwalimu Emmanuel na kila kilichokuwa juu yake, naye Esnath akafanya kile ambacho mama yeyote wa huko angefanya. Kilicholowa hupandishwa uchanjani juu ya mafiga, pale mahindi ya mbegu yanapokaukia. Mahindi yalishuka salama. Kompyuta ilishuka na betri iliyovimba kama andazi, ikagoma kuwaka.

Humo ndani mlikuwa na kamusi. Tangu astaafu, Mwalimu alikuwa akikusanya maneno ya Kinyakyusa, moja moja, na nakala nyingine hakuwa nayo popote. Aliishika kompyuta, akainusa, akasema neno moja tu: "Ndaga." Kisha akachukua jembe akaenda shambani.

Neno hilo likamnyima Esnath usingizi. Ndaga ni asante, na ndaga hiyohiyo ni pole. Angemtukana ingekuwa nafuu, maana tusi halina sura mbili. Esnath alijiaminisha kuwa ni kejeli, na ilimuuma kwelikweli.

Mtoto wao Nelson alipotuma kompyuta nyingine kutoka Mbeya, Esnath alizifunga zote mbili ndani ya kitenge, hakumuaga mtu, akaenda zake Tukuyu mjini kwa Mwanaheri, fundi mwenye kibanda nyuma ya soko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeipika kompyuta ya mzee wangu."

Mwanaheri alifungua skrubu, harufu ya moshi ikajaa kibandani. Alijitahidi asicheke, akashindwa. "Mama, hii imeiva fijo." Yeye si Mnyakyusa, lakini mji umemfundisha kusema fijo badala ya sana. Esnath naye akacheka, halafu machozi yakamtoka, akamweleza habari ya kamusi.

"Hii haitawaka tena," Mwanaheri alisema. "Ila maneno ya mzee yanakaa hapa." Alichomoa diski, akaifuta masizi taratibu. "Hii nayo ikigoma, sina dawa."

Aliiunganisha kwa waya na kompyuta mpya. Wakasubiri. Esnath alikuwa ameshaanza kuomba kimoyomoyo pale mafaili yalipojitokeza kwenye kioo.

"Yahamishe upesi, mwanangu."

"Sihamishi, mama. Nanakili. Nikihamisha, waya ukichomoka katikati tunaweza kukosa huku na huku. Ya zamani tunaiacha ilivyo mpaka tuone mpya imefunguka vizuri."

Esnath alitikisa kichwa kukubali. "Kumbe kama sisi na migomba. Ule mkubwa hatuukati mpaka chipukizi lishike udongo."

Kazi ilipokwisha, Mwanaheri aliifungua kamusi kwenye kompyuta mpya. "Tujaribu. Nitajie neno lolote."

Esnath alisita. "Tafuta ndaga."

Mwanaheri akasoma: "Ndaga. Asante, pole. Mfano: Nikirudi shambani na tope, Esnath huniambia ndaga, na hadi leo sijui kama ananishukuru au ananionea huruma. Nadhani ni yote mawili."

Alifungua neno jingine, na jingine. Karibu kila mfano ulikuwa maneno ya Esnath: alivyowafukuza kuku, alivyosifia mbalaga, ndizi alizopika mwenyewe, alivyomnunia mzee. Esnath alijifunika uso kwa kitenge. Miaka yote alidhani mumewe anaandika mambo ya wasomi.

Mwanaheri alimpa nakala nyingine kwenye flashi, akamwambia aiweke mbali na mafiga.

Nyumbani, Emmanuel alikuwa anakoka moto, peke yake na kwa tabu. Esnath aliiweka kompyuta mezani, akaifungua, akamwita. Mzee alisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Ndaga," Esnath akamwambia, kabla mzee hajasema kitu.

Emmanuel alimtazama. "Ipi hiyo?"

"Si umeshaandika," alisema Esnath, akaenda kuupuliza ule moto.