Poda Yangu na Vidonge vya Wifi

Mume wangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Mkono Mwepesi kwa sababu akikunyoa husikii wembe. Jina hilo lilikuwa halali yake mpaka alipoanza kupiga chafya. Zilikuja tano tano, sita sita, na mkononi ameshika mashine. Siku alipomchorea mwalimu mkuu barabara kutoka sikioni mpaka utosini, nikajua mambo yameharibika. Mwalimu mkuu alitoka na gazeti kichwani, na wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli.

Kwenye zahanati walisema ni aleji, wakampa vidonge. Chafya zikapungua, usingizi ukamvaa. Kati ya kinyozi anayepiga chafya na kinyozi anayesinzia, sijui wewe ungempa nani shingo yako. Akaviacha. Jioni moja akaniambia kwamba mwezi ukiisha hajapona, atafunga saluni na kwenda kufanya kazi kwenye ghala la kaka yake, mji wa mbali, awe anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Aliyasema hayo huku akivuta kola ya koti lake jeupe la kazi, lile nililomshonea mwenyewe. Mimi nina mdomo, kila mtu anajua. Sikutaka aende. Akienda, nitagombana na nani?

Ndipo wifi yangu, dada yake mkubwa, akaja saluni na sanduku lake la chupa. Wifi amesomea homeopathia, ile tiba ya kumpa mgonjwa chembe ya kitu kinacholeta dalili kama zake, kwa miezi sita, na tangu apate cheti hakuna anayekohoa mbele yake akaachwa salama. Akamkalisha mdogo wake kwenye kiti cha wateja, akatoa kichupa cha vidonge vyeupe, vidogo kama vichwa vya pini.

"Hii ni dawa ya kitunguu," akasema. "Kitunguu kinakutoa machozi na kamasi, si ndiyo? Basi tunachukua tone la maji yake, tunalizimua kwenye maji mengine, tunatikisa. Tunachukua tone la hayo, tunazimua tena. Mara thelathini."

"Mwishoni kinabaki nini?" nikauliza.

"Kumbukumbu, wifi."

"Ya kitunguu?"

"Ya kitunguu."

Nikamwambia kwamba mimi nakata kitunguu chenyewe kila siku, na mume wangu anakaa meza ileile, kwa hiyo kama ni kumbukumbu anazo za kutosha. Wifi akanitazama kama mtu anayemvumilia mtoto. Akaendelea na masharti: vidonge visiguswe kwa mkono, vimiminwe kwenye kifuniko, kisha moja kwa moja chini ya ulimi. Kahawa marufuku. Na kitu chochote chenye harufu kali kisikae chumba kimoja na dawa, maana harufu inaiua.

Mume wangu akainua kichwa. "Hata poda?"

"Hasa poda," wifi akasema.

Hapo damu ikanichemka. Poda ile ni yangu. Tangu mwanzo wa mwaka natengeneza mwenyewe, wanga wa mahindi uliopepetwa mara tatu na manukato ya waridi, na kila kopo nimelichorea ua kwa rangi nyekundu. Mteja akimaliza kunyolewa, mume wangu anampaka shingoni kwa brashi, na mteja anatoka ananukia. Leo naambiwa niiondoe, isije ikaua kumbukumbu ya kitunguu.

"Ni kwa wiki chache tu, mke wangu," akasema kwa upole. Nikafikiria ghala la kaka yake. Nikabeba makopo yangu kumi na manne, nikayasukuma chini ya kitanda nyumbani, na siku mbili sikuongea na mtu.

Siku ya tatu chafya zikaisha. Hazikupungua, ziliisha. Wiki ya pili mwalimu mkuu alirudi, akakaa kwenye kiti huku ameshikilia mikono ya kiti kama anang'olewa jino, akatoka na kichwa safi. Benchi likajaa. Mambo ya ghala hayakutajwa tena. Mimi nikameza kiburi changu, nikampigia wifi simu, nikamwomba radhi. Alipokea radhi hiyo kwa takriban nusu saa.

Wiki ya tatu jirani aliamka na macho yamemvimba, nikaona nimchukulie vidonge viwili. Nilikishusha kichupa kutoka rafu ya saluni. Karatasi ya kuziba kifuniko ilikuwa haijachanwa.

Nikakirudisha kichupa rafuni. Kisha nikaenda nyumbani, nikavuta kopo moja kutoka chini ya kitanda, nikalifungua, nikaliweka mezani na kumngoja. Alivuka mlango mchana kuja kula, bado amevaa koti la kazi, akapiga chafya sita.

"Umejua tangu lini?" nikamuuliza.

Akafuta pua. "Tangu kopo la pili."

"Na vidonge?"

"Sipendi kitunguu."

"Ulikuwa tayari kuhama mji, badala ya kuniambia poda yangu inakuwasha pua?"

"Ulikuwa unachora yale maua huku unaimba," akasema. "Ningeanzia wapi? Dada alipotaja harufu, nikaona mlango umefunguka."

Nilitaka kukasirika, na sababu ninazo, lakini hasira haikuja. Iliyokuja ni aibu. Mtu ananyoa koo za watu kwa wembe bila mkono kutikisika, halafu anamwogopa mkewe. Nikafunika kopo, nikalitoa nje.

Niliporudi nikakaa karibu yake. "Kuna kingine ulichonificha?"

"Hakuna."

"Sema. Leo sigombani."

Mkono wake ukapanda shingoni, kama unavyopanda kila siku, nami kila siku nikidhani ni mazoea.

"Kola," akasema. "Inanikaba."

Nikaenda kuchukua mkasi. Niliporudi nao, akasogeza kiti nyuma kidogo. Nikamwambia atulie, nikasimama nyuma yake, nikaanza kufumua kola.