Dakika Hamsini na Tano

Kaka yangu ana kipaji kimoja tu: kufanya karibu pawe mbali. Mimi nakata tiketi za ndege, mwaka wa kumi na mbili sasa, dirisha la pili kutoka mlangoni, na njia ile naijua kama kiganja changu. Kutoka mji wetu hadi mji wake, kisiwa kwa kisiwa, ni kilomita mia nne na kumi. Dakika hamsini na tano. Mhudumu hajamaliza kugawa juisi, rubani keshawaambia mfunge mikanda.

Lakini ukimsikia kwenye simu utadhani anaishi mwezini. Ati huko kwenu ni mbali. Kwenu! Na yeye ndiye kifungua mimba wa nyumba hii.

Mama alipoanguka bafuni na miguu ikagoma, akaanza kuniuliza mwanawe yuko mbali kiasi gani. Ningesema nini? Ukweli ungemmaliza kabla ya maradhi. Basi nikafanya jambo ambalo singemfanyia abiria yeyote: nikamsomea safari ya kuunganisha, ile ya kuzungukia bara, ndege tatu, kusubiri katikati, saa kumi na nne mtu yuko njiani. Sikuitunga, imo kwenye kompyuta. Ila mwenye akili zake haipandi. Nikamwandikia na ratiba kwenye karatasi, akaiweka chini ya mto. Kila mgeni akimuulizia mkubwa wake, Mama anaitoa na kumwonyesha, anamhurumia mwanawe kwa safari ndefu namna ile. Miaka saba nimemsitiri bwege yule, na roho inaniuma.

Juzi Jumanne kampuni yake ikamtuma huku mkutanoni. Kampuni, si moyo. Mkutano ukaisha mapema, bwana mkubwa akajipitishia nyumbani, viatu vinang'aa, manukato yamemtangulia mlangoni, mkono mtupu. Mama akamshika mashavu, akalia. Akampa pole ya safari, akamsihi alale kwanza kwa maana lazima amechoka.

Kaka akacheka. Nikamkonyeza. Nikakohoa. Nikamkanyaga mguu. Wapi! Kichwa kile hakijawahi kupokea ujumbe.

"Nichoke na nini, Mama? Dakika hamsini na tano tu. Saa moja nimekunywa chai kwangu, saa tatu niko mkutanoni."

Mama akayaachia mashavu yake. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa karatasi yangu, imelegea kama kitambaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Akaitazama, kisha akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwenye aibu yake alikuwa anasoma simu.

Nilingoja anigombeze. Hakugomba. Aliikunja ile karatasi taratibu, akanirudishia mkononi.

"Ndege ya kurudi inaondoka saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa kumi na nusu, Mama."

"Basi muwahishe mgeni," akasema, akageukia ukutani.