Shukrani za Badro

Nimekasirika tangu Alhamisi ya tatu ya mwezi uliopita, na hasira yenyewe haijapoa. Mimi si mtu wa hasira. Nimelea watoto sita na wajukuu kumi na mmoja katika nyumba hii ya Guelma, na wengi wao hawajawahi kunisikia nikipaza sauti. Lakini alilolifanya Lotfi kwa tovuti ya vijana wetu limenikwama kooni kama mfupa wa samaki.

Tovuti ile ilianzia sebuleni kwangu, mwaka 2007. Mjukuu wangu Wassila alikuwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa akija na wenzake wawili wa chuo: Lotfi, mwenye maneno mengi, na Badreddine, tuliyemwita Badro, ambaye hakuwa na maneno kabisa. Walicheza mpira wa kwenye kompyuta, mchezo uliotengenezwa ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na timu za Hispania, za Uingereza, hata za nchi ambazo sikujua kama zina mpira. Ya Guelma haikuwemo. Ya Algeria yoyote haikuwemo. Badro akasema, basi tutaziweka wenyewe.

Wakajifunza kuufungua mchezo na kubadilisha vilivyomo: jezi, sura, majina. Wakafungua tovuti ili kila mwenye kujua kitu alete, na kila mwenye kutaka achukue, bure. Watu wakaja. Mwalimu mmoja wa Oran, ambaye hatujamwona mpaka leo, aliandika majina ya wachezaji wa ligi nzima, timu kwa timu. Mtu wa Adrar alituma picha ya jezi ya marehemu baba yake, akaomba radhi kwamba ina doa. Hata mimi waliniita, kwa kuwa zamani nilikuwa fundi cherehani na niliwahi kuishonea timu yetu jezi zenye kola. Badro aliichora ile kola mara nne, kila mara akinigeuzia skrini bila kusema neno, mpaka nikamwambia, ndiyo, mwanangu, ndivyo ilivyokaa.

Kisha akajenga uwanja wetu ndani ya mchezo. Alikwenda na kamera ya kuazima, akapiga picha ngazi moja moja, mpaka ukuta uliobomoka na mtini ulioota juu yake. Lotfi akamcheka.

"We Badro, nani atautazama mtini? Watu wanataka magoli."

"Mama atautazama," Badro akajibu. "Anauona kila siku kwenye dirisha la jikoni."

Kazi hiyo ilimchukua karibu miaka mitatu.

Tovuti yao ilikuwa na desturi moja ambayo niliipenda kuliko mambo yake yote. Hukuweza kupakua kitu mpaka umwandikie aliyekitengeneza mstari mmoja wa shukrani. Mstari ule ulibaki chini ya jina lake, na kila mtu aliuona. Wengine waliandika asante tu. Wengine walieleza kwamba wamekaa na baba zao wakaiona timu ya mtaani kwao kwenye skrini, na baba akaanza kuwataja wachezaji kwa majina.

Badro alifariki mwaka 2014, kwa ajali, kwenye barabara ya Annaba. Mama yake, tunayemwita Lalla Zoulikha kwa heshima, hakusoma shule. Baada ya arobaini alikuja kwangu akaniuliza kama ni kweli watu bado wanamwandikia mwanawe. Nikavaa miwani, nikamfungulia, nikamsomea. Tangu siku hiyo amekuwa akija kila Alhamisi baada ya alasiri. Nilikuwa nampikia kahawa, naye alileta mkate wa moto umefungwa kwenye kitambaa. Nilimsomea shukrani mpya, na kama hakuna mpya, za zamani, nikirudi nyuma kidogo kidogo; za mwanzo kabisa hatukuwahi kuzifikia. Miaka kumi na moja. Alikuwa akiuliza mwandishi anatoka wapi, kisha akimwombea dua.

Sasa Alhamisi ile nilifungua, na ukurasa haukuwepo. Pale palipokuwa na majina palikuwa na matangazo ya viatu. Uwanja wa Badro ulikuwepo, unaubonyeza mara moja unaupata. Jina lake halikuwepo popote. Lalla Zoulikha alikuwa amekaa ubavuni kwangu, mikono mapajani, anasubiri. Nikamwambia mashine imeharibika. Nimemdanganya mama wa watu katika uzee huu.

Wassila aliponieleza, alikuwa analia kwa hasira. Mwanzoni, ili kuikodi ile nafasi ya tovuti, ilitakiwa kadi ya kulipia nje ya nchi, na katika wote ni Lotfi tu aliyekuwa na mjomba Marseille mwenye kadi. Basi ikaandikishwa kwa jina la Lotfi, kwa kuaminiana, na hakuna aliyefikiria tena jambo hilo. Sasa ameiuza kwa kampuni fulani, bila kumwambia mtu.

Nilivaa, nikaenda dukani kwake, anakouza simu. Aliniona akaruka kunipa kiti, akamtuma mtu kahawa. Hilo simnyimi, adabu anayo.

"Bibi Yamina, leo jua limechomoza dukani kwangu."

"Halikuja kukusalimia. Shukrani za Badro ziko wapi?"

Akaanza kuzunguka. Akasema mambo yamebadilika, watu wa siku hizi hawana subira ya kuandika, wamiliki wapya wanataka mtu abonyeze aondoke. Nikamuuliza ni nani aliyefuta, yeye au wao.

"Mimi," akasema. "Walitaka niwape tovuti safi."

"Safi kutokana na nini, Lotfi? Kutokana na Badro?"

"Yalikuwa maneno tu, bibi. Asante, asante, asante, mamia kwa mamia. Na tovuti ilikuwa kwa jina langu. Sina kosa mbele ya mtu."

"Ilikuwa kwa jina lako kama mama anavyompa jirani amshikie mtoto, yeye akifunga kiatu. Jirani hamuuzi mtoto. Ulibeba jeneza la Badro, nilikuona. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikwenda kwao."

Nikainuka, nikaiacha kahawa yake kikombeni bila kuigusa, na kwetu kuiacha kahawa ya mtu ni kumwambia kwamba umemkataa.

Wassila aliwaandikia wote aliowajua. Ikajulikana kwamba yule mwalimu wa Oran alikuwa na mazoea yake: kila mwaka alinakili shukrani zote na kuzitia ndani ya faili wanalopakua watu, bila kumwambia mtu, kwa sababu aliona haifai zipotee. Mtu wa Adrar alikuwa amehifadhi faili la mwaka 2019. Akalituma siku ileile, akaomba radhi kwamba hana la karibuni. Za miaka sita ya mwisho zimepotea, na hizo sitamsamehe Lotfi. Lakini nyingine zote zikarudi.

Alhamisi iliyofuata nilimwambia Lalla Zoulikha ukweli wote. Alisikiliza kitambaa cha mkate kikiwa bado mkononi. Kisha akasema nianze na ile ya kwanza kabisa, ya siku uwanja ulipotolewa. Nikasoma kabla ya kuangalia jina.

"Asante, Badro, ndugu yangu. Nilikucheka kwa ajili ya mtini. Leo nimeutazama mpaka nikasahau kufunga goli. Usikubali mtu yeyote aung'oe."

"Huyu anatoka wapi?" akauliza, mikono tayari imeinuka kwa dua.

Nilitamani kudanganya tena.

"Hapahapa," nikasema. "Ni Lotfi."

Mikono yake ikabaki hewani kidogo. Akaishusha mapajani.

"Kumbe alikuwa anajua," akasema.

Nikamwongezea kahawa. Nikasoma ya pili.