Kama Wewe Ndiye Sacramento

Kinyozini kwangu, mashariki ya Indianapolis, hakuna anayebadilisha wachezaji wa mpira wa kikapu hivi hivi tu. Ukija na biashara yako ya kiangazi, kwamba timu yetu iwatoe fulani na fulani ili impate fulani, unahamia kile kiti chekundu karibu na dirisha. Ukishakaa pale wewe si mtu wa hapa tena. Wewe ni bosi wa timu ya kule, na sisi tunakuuliza: unakubali? Wengi hukaa wakitabasamu na kuinuka wamenuna. Sheria hiyo niliiweka mimi, kwa sababu nilichoka kusikia watu wazima wakinunua ng'ombe kwa bei ya kuku.

Kiangazi hicho jiji lilikuwa na jina moja mdomoni, Ansel Brodeur, lile jitu la Sacramento. Ilisemekana kule amepachoka, na sisi hatukuwa na mtu wa maana chini ya kikapu. Kila aliyeingia kunyolewa alikuwa na njia yake ya kumleta, na kila njia ilifia kwenye kiti chekundu. Ama Sacramento walipunjwa, ama mishahara haikulingana, maana ligi hairuhusu kubadilishana mpaka mishahara ya pande mbili ikaribiane.

Jambo hilo lilinitatiza. Wateja wangu si wajinga. Cornelius Batts, mgawa barua mstaafu, anaijua mishahara ya wachezaji kuliko anavyoijua siku ya kuzaliwa ya mkewe. Sasa kwa nini biashara zake zote zilikuwa zinapinda mahali pale pale? Nilinyoa vichwa vingi nikiwaza hilo kabla sijaona. Walikuwa wanamruka Devonte.

Devonte Marsh ni mume wa binti yangu Nadine. Anachezea timu yetu, au tuseme anakalia benchi la timu yetu, na mshahara wake ndio hasa ungeliziba lile pengo la mishahara. Mtoto yeyote angemtia kwenye hesabu. Lakini wateja wangu walinisindikiza kumzika mke wangu Loretta wakati wa baridi. Walijua Nadine ni mjamzito, na walijua hao wawili ndio watu niliobaki nao. Kwa hiyo walimweka mkwe wangu kando kwa adabu, wakawa wanabadilishana wachezaji kwa mguu mmoja. Nilishukuru. Niliudhika pia, maana sipendi kuonewa huruma na watu ninaowashikia wembe shingoni.

Alhamisi moja Devonte mwenyewe alikuwa kitini kwangu, nusu kichwa kimenyolewa. Cornelius alikuwa kwenye kiti chekundu, na Dewitt, dereva wa lori la takataka, alikuwa anamhoji.

"Mimi ni Sacramento," akasema Cornelius. "Nawapa Brodeur. Nyie mnanipa Pettis, mnanipa Coombs, na haki ya kuchagua chipukizi miaka miwili."

"Pettis na lile goti?" akasema Dewitt. "Wewe Sacramento umefungua hospitali?"

"Limepata nafuu."

"Limepata nafuu akiwa amekaa. Halafu mishahara haifiki. Hilo pengo unalijaza na nini, na lori langu la takataka?"

Cornelius akamtupia jicho Devonte kwenye kioo, halafu akaangalia viatu vyake. "Tutatafuta mtu."

"Mtu gani?" nikauliza mimi.

"Mtu tu, Roscoe. Wewe nyoa."

Nikazima mashine. "Hebu toka hapo," nikamwambia.

Nisijisifu, si ujasiri ulionipeleka kwenye kile kiti. Ni udadisi. Miaka yote nimewakalisha wenzangu pale, mwenyewe sijawahi kukaa, na nilitaka kujua mambo yanaonekanaje ukiwa upande ule. Nikajaribu kweli kuwa Sacramento. Jitu langu linaondoka. Nimebaki na nini? Vijana wenye mbio, wote wanataka kufunga, na hakuna hata mmoja wa kuwagawia mpira. Nani anagawa mpira? Nani anakupasia kabla hujajua kwamba umebaki peke yako? Nilikuwa namjua mtu wa namna hiyo. Kwetu amezibwa na nyota anayecheza nafasi yake, na nyota huyo hatoki uwanjani mpaka avunjike.

"Namtaka Marsh," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Dewitt akakohoa. "Mzee, si lazima ufanye hivyo."

"Mimi si mzee wako. Mimi ni bosi wa Sacramento. Nipeni Marsh na Coombs na haki ya kuchagua chipukizi mmoja. Pettis kaeni naye na goti lake. Cornelius, mishahara inalingana?"

Cornelius akafumba macho, midomo ikawa inatembea. "Inalingana," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa pole. "Inalingana vizuri kabisa."

"Na ieleweke, simchukui awe wa kujazia. Namchukua aanze."

"Sisi huku tunakubali," akasema Dewitt taratibu. "Samahani, Devonte. Brodeur ni Brodeur."

"Hata mimi ningekubali," akasema Devonte, na hapo ndipo watu wakapata ruhusa ya kucheka.

Nikarudi kummalizia. Wale wengine walikuwa wameshaanza kubishania goti la Pettis. Devonte akanitazama kwenye kioo na kuteremsha sauti.

"Baba, ulikuwa unasema kweli, au ulikuwa unawakomesha tu?"

"Kweli. Kule ungecheza."

"Nimeshahamishwa mara mbili, na mara zote nilikuwa wa kujazia mishahara. Sijawahi kusikia mtu akiniomba kwa jina." Akavuta pumzi. "Wakala wangu ananiuliza kama anitafutie timu ya kunichezesha. Anasema huko magharibi wapo wanaoulizia. Nimemwambia hapana."

"Umekataa? Kwa nini?"

"Nadine. Anasema hawezi kukuacha peke yako mwaka huu."

Nikauondoa wembe kwenye shingo yake. Kiangazi chote nilikuwa nawashangaa watu wanaoruka jina la Devonte, kumbe nyumbani kwa binti yangu kulikuwa na jina jingine linalorukwa, nalo ni langu. Mimi ndiye niliyekuwa naharibu hesabu. Niliona aibu, na nilimkasirikia Loretta kwa kufa, na nilitaka sana kumwambia kijana abaki, mjukuu wangu azaliwe hapa, benchi nalo ni mahali pa kukaa.

"Mpigie simu," nikasema.

"Nani?"

"Huyo wakala. Mpigie sasa hivi, kabla sijabadilisha mawazo."

Akatoa simu chini ya shuka lililojaa nywele, akaishika kwa muda akinitazama. Kisha akabonyeza, akaiweka sikioni.

"Nadine," akasema. "Niko na baba."

Hakumpigia wakala kwanza. Alimpigia mke wake, na hapo nikajua binti yangu ameolewa na mtu anayefaa, na kwamba wataondoka.